Mfuko wa Viazi Ulioungua: Kosa ni la Pamba au la Dakika?

SWALI: Mheshimiwa mhariri, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Bombo, Uganda. Tangu mwaka jana nashona mifuko ya kitambaa ambayo mtu hutia viazi ulaya ndani yake, akaviivisha katika maikrowevu, vikatoka laini kama vilivyopikwa kwa mvuke. Wiki iliyopita mteja mmoja alinirudishia mfuko ukiwa na tundu la ukubwa wa sarafu, kingo zake nyeusi na ngumu, akasema nimemuuzia moto. Nje nilitumia kitenge cha pamba, ndani nikaweka pamba nyeupe ya kujazia mito. Yeye mwenyewe alikiri kwamba umeme ulikatika katikati ya mapishi, na uliporudi akaweka dakika zote upya kwa viazi viwili vidogo. Nimekosea wapi? Na je, niiache biashara hii?
Fundi, Bombo

JIBU: Fundi, ulipotaja kingo ngumu ulikuwa umekwisha kujijibu nusu ya swali. Pamba halisi ikiungua huacha majivu mepesi ya kijivu yanayosagika kwa kidole, na harufu yake ni ya karatasi iliyoungua. Poliesta hunywea, huyeyuka, kisha huganda ikawa kidonge cheusi kigumu kama ushanga. Ile inayouzwa masokoni kwetu kwa jina la pamba ya mito, nyeupe pepe, inayofura tena ukiibonyeza na kuiachia, aghalabu si pamba hata kidogo bali ni nyuzi za poliesta, na jina hilo limewaponza mafundi wengi.

Hata hivyo, simwondolei mteja wako sehemu yake. Poliesta huyeyuka karibu na nyuzi 260 za Selsiasi, ilhali katika miinuko yetu ya mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Maadamu kiazi bado kina maji, mvuke wake hauwezi kuyeyusha kitu chochote mfukoni. Tundu lile linaonyesha kwamba mahali fulani palikuwa pamekauka. Mawimbi ya maikrowevu hutikisa hasa molekuli za maji. Kitambaa kikavu huyapokea kidogo tu, na joto lake hulipata kwa kiazi na mvuke. Kiazi kikikauka, wanga wake huanza kuungua, na hapo hata pamba safi inayokigusa yaweza kushika moto. Pamba safi hupunguza hatari, haiiondoi. Kuhusu umeme, kisa chake nakijua vizuri, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi ukirudi tunaanza kuhesabu upya kana kwamba chakula kilikuwa bado kibichi, wakati kilikuwa kimekwisha kuiva nusu.

Usiache biashara, ila acha mtindo huo wa kujazia. Ningekushauri kwanza uwatafute wote waliokwisha kununua uwabadilishie mifuko yao, hata kama itakula faida ya miezi miwili. Kisha shona upya hivi. Nunua merikani au kitambaa kingine cha pamba tupu, ukifue kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kimalize kunywea. Kata vipande vya inchi 10 kwa 22: kimoja cha nje, kimoja cha bitana, na kimoja cha katikati ambacho chaweza kuwa taulo kuukuu la pamba tupu lililofuliwa mara nyingi. Lisipatikane taulo, blanketi jepesi la pamba litafaa. Usitumie sufi, ingawa nayo hutoka kwenye mti, kwa kuwa hushika moto upesi mno; wala pamba ya dukani kwa mwuza dawa, ambayo hujikusanya mabonge ikifuliwa. Pamba ya matabaka iliyoshikizwa kwa wavu mwembamba wa plastiki au kwa gundi nayo iache.

Laza kipande cha katikati mezani, juu yake weka cha nje uso ukitazama juu, kisha bitana uso ukitazama chini. Shona ncha mbili fupi kwa kuacha nusu inchi, geuza, piga pasi, halafu pitisha mshono wa juu katika ncha hizo. Sasa kunja uso wa nje ukiwa ndani, ncha moja ipande juu ya nyingine kwa inchi 2, ushone pande mbili na kuzimalizia kingo kwa zigizaga. Ukiugeuza utapata mfuko wa inchi 9 kwa 9 na nusu, wenye mdomo unaojifunika bila kifungo, zipu wala velkro. Uzi ndio unaosahaulika. Uzi mwingi wa kushonea ni poliesta, kwa hiyo kata kipande cha urefu wa kidole, ukishike kwa kibano juu ya sahani, ukichome uone kama kinaacha majivu au kidonge, kabla hujautia uzi huo katika cherehani. Na kabla ya kumkabidhi mteja, papasa mfuko wote kwa vidole, maana pini moja iliyosahaulika ndani inatosha kurusha cheche.

Kila mfuko uuze pamoja na karatasi ya maelezo. Viazi vioshwe na viachwe na unyevunyevu wa maji, vitobolewe kwa uma, visizidi vinne. Kwa kimoja cha kadiri katika maikrowevu ya wati 800, anza na dakika 3, kigeuze, kisha ongeza dakika moja moja huku ukikibonyeza kwa kitambaa. Mfuko mtupu usiwekwe kabisa, na mpishi asitoke jikoni. Moshi ukionekana, mlango usifunguliwe: zima ukutani na usubiri moto ujifie wenyewe.

SWALI: Nina kitenge kizuri chenye michirizi ya dhahabu nilichonunua Kiyembe, Kampala. Naweza kukitumia kwa mfuko wa viazi vitamu?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Kitenge hicho kishonee gauni. Rangi ya dhahabu katika vitambaa mara nyingi huwa na chembe za metali, na uzi wa zari ni mbaya zaidi. Vyote hutoa cheche ndani ya maikrowevu. Viazi vitamu vinakubali mfuko, lakini chagua vinene vilivyolingana, kwani ile ncha nyembamba kama mkia hukauka wakati tumbo bado gumu. Ikate kabla ya kupika.

SWALI: Mfuko wangu umepata doa la siagi. Niufue vipi?
Mama wa watoto watatu, Mbale

JIBU: Ufue kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto, bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huacha utando unaorahisisha kitambaa kushika moto. Uanike juani, nje ndani, hadi tabaka la katikati likauke. Doa la mafuta lisipotoka baada ya kufua mara mbili, au ukiona mahali palipogeuka rangi ya chai, ufanye mfuko huo kishikio cha sufuria. Na siku nyingine viazi vipakwe siagi vikiwa sahanini mezani.