Kwa wakunga wapya: saa za mwanzo za uchungu

Wadogo zangu mnaoanza kazi wadi ya wazazi, hapa kwetu Pemba, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, mtapokea wanawake wengi wanaofika mapema. Njia ya uzazi imefunguka sentimita 2 au 3, uchungu unakuja na kupotea, na kijijini kwao ni mbali. Skuli mmefundishwa kupima na kuandika. Baada ya hapo mtangoja, na ndani ya kungoja huko mna kazi kubwa isiyohitaji sindano.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unaihesabu hatua hii ya awali mpaka sentimita 5, wala hauiwekei muda maalumu, kwani wanawake hutofautiana sana. Basi msimwambie mzazi "bado sana", neno hilo linamvunja moyo. Mwambieni njia inalainika na moyo wa mtoto unakwenda vizuri.

Lakini mpimeni kwanza ndipo mseme hivyo. Presha, joto, mapigo ya mtoto (110 hadi 160 kwa dakika), na kama chupa ya maji ya uzazi imepasuka, maji yana rangi gani. Damu inayotoka kwa wingi, maji ya kijani, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, homa, mtoto kupunguza kucheza: hapo hakuna kukanda, muiteni daktari mara moja.

Akiwa salama, mtoeni kitandani. Akilala chali, mimba hukandamiza mishipa mikubwa ya damu, naye hupata kizunguzungu na mtoto hupungukiwa hewa. Atembee ukumbini. Uchungu ukija, ashike ukingo wa dirisha na ayumbishe nyonga taratibu. Akichoka alale ubavu, kanga iliyokunjwa katikati ya magoti.

Wengi hulalamikia kiuno, na hapa ndipo mikono yenu itakapowafaa kuliko kitu chochote. Weka kiganja juu ya mfupa bapa ulio juu kidogo ya makalio, nyoosha mkono, kisha uegemee kwa uzito wa mwili wako. Ukitegemea vidole utachoka mapema. Bonyeza uchungu unapoanza, legeza unapoondoka. Muulize, "Hapa, mwanangu, au chini zaidi?" Atakuonesha mwenyewe. Wako wasiotaka kuguswa, nao waachwe. Taula lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa husaidia sana pia, ila lijaribu kwanza mkononi mwako. Mwenye uchungu huenda asikwambie kuwa linamuunguza.

Pumzi msizifanye somo gumu. Avute kwa pua, atoe polepole kwa mdomo, mabega yashuke. Wengi wa huku kwetu huleta dhikri bila kuambiwa, na sauti ile huipanga pumzi yenyewe. Nyamazeni wakati huo, maswali ya faili yangoje.

Muulizeni amekula lini. Asiye na hatari hana sababu ya kushinda na njaa: uji mwepesi, tende, maji ya dafu kidogo kidogo. Akojoe kila baada ya saa 2 hivi, maana kibofu kikijaa humzidishia maumivu. Bibi akija na dawa ya miti ya kuharakisha uchungu, ikataeni kwa adabu: "Shikamoo bibi, hii tuiweke, uchungu ukizidi ghafla mtoto hukosa hewa." Kisha mpeni kazi nyingine, asijione amefukuzwa.

Na kazi ipo. Mzazi anahitaji mtu wake karibu, mama yake, wifi au somo yake (kungwi aliyemfunda), aliyemchagua mwenyewe. Tafiti za nchi nyingi zimeonesha kuwa mwanamke asiyeachwa peke yake huelekea kujifungua mapema kidogo, na upasuaji hupungua. Wadi zetu zina vitanda vilivyobanana, najua, na wengine wanahitaji sitara yao. Fungeni kanga mbili katikati ya vitanda, mtu akae. Mfundisheni pa kuweka kiganja, kwani nyinyi mtaitwa kitanda kingine muda si mrefu.

Mkikabidhi zamu, msitaje sentimita tu. Andikeni kwamba anapenda kubonyezwa kiuno upande wa kulia, taula halitaki, amekojoa saa ngapi, na wifi yake ameshajua kumkanda. Mwenzenu wa usiku ataanzia hapo.