Mkwe anasema wao ni ukoo wa Mayflower: namna ya kuifuata nasaba mpaka 1620

Mleta mada, nimesoma swali lako nikacheka peke yangu, maana ni kama umeniandikia mimi. Umesema mumeo ni mtu wa Ohio, mama mkwe anashikilia kwamba wametokana na John Howland aliyekuja na Mayflower, ile meli ya walowezi Waingereza, mwaka 1620, mkononi una mti wa ukoo aliouchapisha kutoka mtandaoni, na unataka ukweli kabla hujawasimulia watoto. Ukauliza pia kama kipimo cha DNA kinaweza kumaliza ubishi. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimeolewa huku Massachusetts, na wakwe zangu wana hadithi hiyohiyo, Howland huyohuyo. Nimeifuatilia mpaka mwisho. Jibu ni refu, tafuta chai.

La kwanza: usihangaike na Howland mwenyewe. Wale waliokuja New England (kaskazini-mashariki ya Marekani, Massachusetts ikiwemo) kati ya 1620 na 1640, kama watu 20,000 hivi, wamechunguzwa na wataalamu kuliko karibu watu wengine wote wa karne ile. Kila karatasi ya mahakama, kila wasia, kila ubatizo wa kule Uingereza umeshapekuliwa. Shida ya koo hizi iko katikati, tuseme kati ya 1780 na 1850, pale watoto wa Massachusetts walipofunga mizigo wakaenda Vermont, New York, halafu Ohio. Mti wako wa mtandaoni ukiwa na uongo, kuna uwezekano mkubwa umekaa hapo. Kwa hiyo anzia kwa mumeo, panda kizazi kimoja kimoja, na usivuke ngazi mpaka una karatasi inayosema huyu ni mtoto wa yule. Majina kufanana hakutoshi. Umri kukaribiana hakutoshi.

Na jina Howland lenyewe linadanganya. John alikuwa na ndugu zake wawili, Arthur na Henry, waliokuja Plymouth, koloni la hao walowezi wa Mayflower, baadaye kwa merikebu nyingine. Wote wawili waliacha uzao mkubwa. Wale Howland matajiri wa New Bedford, wenye meli za kuvua nyangumi, ni wa Henry. Basi mtu anaweza kuwa Howland halisi wa Plymouth na asiwe na tone la Mayflower. Upande wa pili, wengi walio wazao wa John kweli hawana jina hilo kabisa, kwa sababu wanapitia kwa mabinti zake. Wakwe zangu wanapitia kwa Desire, binti mkubwa, aliyeolewa na John Gorham wakahamia Barnstable, kwenye ile rasi ya Cape Cod.

Sasa huko katikati. Sensa ya Marekani ilianza 1790, lakini hadi 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya tu, waliobaki ni vijiti vya kuhesabu kwa umri na jinsia. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru na jimbo alikozaliwa, na hata hiyo haisemi nani ni nani kwa mkuu wa nyumba. Uhusiano ulianza kuandikwa 1880. Massachusetts utaipenda: kuanzia 1639 koloni liliagiza vizazi, ndoa na vifo viandikwe, makarani wa miji wakaandika (wengine kwa uvivu), na vitabu vya miji mingi hadi 1850 vimechapishwa. Ukivuka kuingia New York unatumbukia shimoni. Jimbo lile halikuwa na usajili wa kueleweka hadi miaka ya 1880. Ukoo wa mume wangu ulipita hapohapo: mwanamke mmoja kwenye sensa ya 1850, kaunti ya ndani kabisa ya New York, "amezaliwa Massachusetts", basi. Jina la kwao halipo. Wazazi hawapo. Mti wa mtandaoni ulikuwa umempachika kwa Gorham mmoja wa Barnstable bila ushahidi wowote, na kila aliyeunakili baada ya hapo akaamini, hadi mamia ya miti ikasema neno moja. Mia wakinakili kwa mmoja, shahidi bado ni mmoja.

Kilichotuokoa ni vitu viwili, na ningekuwa wewe ningevianza mapema.

Kimoja ni mafaili ya pensheni ya vita vya uhuru wa Marekani. Serikali ilipitisha sheria kadhaa za kuwalipa askari wazee, ile ya 1832 ikapanua mlango, na za 1836 na 1838 zikawaingiza wajane. Mjane alipaswa kuthibitisha kwamba aliolewa na askari huyo, na lini. Wengi hawakuwa na cheti, kwa hiyo walileta viapo vya majirani na watoto, na wengine walichana ukurasa wa Biblia ya familia wakaupeleka Washington. Kurasa hizo bado zimo ndani ya mafaili, zimehifadhiwa na serikali na zimepigwa picha. Mama wa mwanamke wetu alikuwa mjane wa namna hiyo. Ndani ya faili lake kuna ukurasa wenye majina ya watoto wote na tarehe zao, pamoja na kiapo cha binti aliyeolewa, kinachotaja mume wake na mji wanaoishi. Mji uleule wa New York. Nilikaa naitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha nikampigia mama mkwe simu usiku.

Cha pili ni hati za ardhi. Watu hukimbilia wasia, na wasia ni mzuri, lakini wengi walikufa bila kuandika. Ardhi ikabaki. Warithi wanapouza shamba la marehemu baba yao, hati huwataja wote: mwana fulani wa mji huu, binti fulani na mumewe wa kaunti ile. Hati moja ya namna hiyo inakupa familia nzima, pamoja na jina la ukoo la mabinti na la waume zao. Zamani ulilazimika kupekua vitabu vya kaunti ukurasa kwa ukurasa. Siku hizi tovuti ya FamilySearch, ambayo ni bure, ina utafutaji unaosoma maandishi ya mkono yenyewe kwa mashine, na hati za ardhi na mirathi za Marekani ndizo walizoanza nazo. Andika jina la mume pamoja na jina la ukoo la mke, uone. Mashine husoma vibaya mara nyingi, kwa hiyo jaribu tahajia za ajabu ajabu; karani wa enzi hizo aliandika alivyosikia. Tahadhari kwa Barnstable: mahakama yao iliungua 1827, na vitabu vingi sana vya ardhi viliteketea. Mirathi kwa sehemu kubwa ilisalimika, kwa hiyo huko anzia kwenye mirathi.

Ukishaingia karne ya 17, kuna mitego michache ya kujua. Tarehe ndiyo kubwa. Hadi 1752 Waingereza na makoloni yao walihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi. Sisi tuliokua tukisikia habari za Mwaka Kogwa wa Makunduchi hatushangai mwaka kuanza siku nyingine, lakini Wamarekani wenyewe huchanganyikiwa kabisa. Howland alifariki 23 Februari 1672/3: kwa hesabu yao bado ilikuwa 1672, kwa yetu ni 1673. Ukiona "mwezi wa 1" katika daftari la wakati huo, ni Machi. Mtu asipojua hili ataona mtoto amezaliwa kabla ya ndoa ya wazazi, au wasia umeandikwa baada ya kifo, ataanza kuzua watu wawili wasiokuwepo. Halafu kuna "Senior" na "Junior". Hizo hazikumaanisha baba na mwana. Zilimaanisha mkubwa na mdogo wa jina hilo katika mji huo, hata kama ni mjomba na mpwa, hata kama si ndugu. Mkubwa akifa, Junior anageuka Senior.

Kwa Howland mwenyewe ushahidi ni mtamu, siwezi kuupita haraka. Gavana William Bradford aliandika historia ya koloni, na ndani yake anasimulia jinsi kijana huyu alivyotupwa baharini na dhoruba, akadaka kamba ya tanga iliyokuwa ikiburuzwa majini, akashikilia hadi akavutwa juu. Mwaka 1627 walowezi waligawana mifugo. Waligawanywa mafungu 12 ya watu 13, wote 156 wakaandikwa kwa majina, hadi watoto wachanga. Fungu la nne ni la Howland, na yumo mkewe Elizabeth, mtoto wao John na Desire wetu, pamoja na mtamba mmoja aliyekuja kwa meli iitwayo Jacob. Mtamba huyo alikuwa na jina lake, Raghorn. Daftari la ng'ombe ndilo orodha bora ya watu tuliyonayo kwa mwaka ule. Kisha kuna wasia wake wa 1672, unaowataja watoto wake walio hai, mabinti kwa majina ya ndoa: Desire Gorham, Hope Chipman, Elizabeth Dickenson, Lydia Browne, Hannah Bosworth, Ruth Cushman. Huwezi kuomba zaidi.

Mama mkwe wako akisema Howland alioa binti wa gavana, mwache aseme halafu mweleze taratibu. Kwa vizazi vingi familia ziliamini kwamba Elizabeth alikuwa wa damu ya John Carver, gavana wa kwanza. Muswada wa Bradford ulikuwa umepotea. Ukaonekana 1855 katika maktaba ya askofu wa London, ukachapishwa mwaka uliofuata, na humo Bradford anasema wazi kwamba Howland alimwoa Elizabeth binti wa John Tilley. Wazazi wake walikufa wote baridi ile ya kwanza, binti akiwa na miaka kama 13. Na Howland alipopanda meli alikuwa mtumishi wa huyo Carver. Mama mkwe wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema mtumishi aliyedaka kamba anampendeza zaidi.

Vitabu vya nasaba vya zamani vyenye ngozi nzuri na nembo ya ngao, visome kwa jicho moja. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na Gustave Anjou, aliyewauzia matajiri nasaba alizozitengeneza mwenyewe, akichanganya nyaraka halisi na za kubuni. Kazi zake bado zimo katika miti ya mtandaoni. Mti ukipaa kutoka Plymouth hadi kwa mfalme fulani wa Ulaya, acha kusoma hapo.

Kuhusu DNA: haitakupa Howland. Kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi katika kizazi cha kumi, na mumeo huenda hana hata kipande kimoja kilichotoka kwa babu fulani wa mbali hivyo, ingawa ni mzao wake wa kweli. Itakusaidia palepale penye shimo, karne ya 19. Wazao wa ndugu zake yule mwanamke wa New York wakilingana na mama mkwe, umepata shahidi wa pili. Kwa hiyo mpime mama mkwe, si watoto. Yeye yuko juu zaidi.

Kuna mdau juu ameuliza kuhusu mke wake ambaye ni Mmarekani mweusi. Ndugu yangu, njia ni nyingine kabisa na ni ngumu zaidi. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina waliokuwa watumwa; orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, na wao ni umri, jinsia na rangi tu. Kabla ya hapo unafuata mirathi na hati za mauzo za aliyewamiliki. Waafrika walioshushwa Point Comfort, Virginia, 1619, walitoka Angola, na mmoja wa waliofika wakati huo, mwanamke aitwaye Angelo, ametajwa kwa jina katika orodha ya wakazi wa koloni ya 1625. Lakini kuunganisha familia ya leo na watu wa wakati huo ni kazi iliyofanikiwa kwa wachache, hasa koo zilizokuwa huru mapema, kwa sababu mahakama za kaunti ziliziandika. Anzisha uzi wake, nitachangia.

Mleta mada, ukitaka muhuri, chama cha wazao wa Mayflower, kilichoanzishwa 1897, hudai nyaraka za kila kizazi kuanzia kwa mwombaji. Vizazi vya mwanzo wameshavichapisha wenyewe, hivyo ukiunganisha mtu wako na aliyemo katika vitabu vyao, kazi yako imekwisha. Maktaba ya American Ancestors, chama cha utafiti wa nasaba, iko Boston, mtaa wa Newbury, na watu wake ni wakarimu kwa maswali.

Anza na cheti cha kuzaliwa cha mama mkwe, cha mama yake, na ndoa zao. Ohio ina rekodi za vizazi na vifo za kaunti kuanzia 1867, na za ndoa kabla ya hapo. Ukifika 1850 ukakwama, weka hapa jina la kaunti na mwaka, bila majina ya walio hai, tuangalie pamoja.