Maswali ya wasomaji: VPN kwa duka lenye intaneti ya laini ya simu

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Tuna duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, na programu ya hesabu na stoo iko kwenye kompyuta moja dukani. Fundi alifungua poti 3389 kwenye ruta ili mhasibu wetu aliyeko Dar es Salaam aingie kwa Remote Desktop. Tangu tuhamie ruta ya laini ya simu, haingii tena. Tumeshauriwa tuweke VPN (njia ya siri ya kuunganisha vifaa kupitia intaneti). Tuanzie wapi?

JIBU: Poti 3389 isifunguliwe tena. Ikiwa wazi kwa intaneti nzima, roboti za kubahatisha nywila hazichelewi kuigundua, na wadukuzi wanaofunga mafaili na kudai fedha huingilia hapohapo.

Kilichomzuia mhasibu huenda ni anwani ya IP. Fungua ukurasa wa ruta, soma anwani ya upande wa WAN (upande wa intaneti), kisha ilinganishe na inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kukagua IP. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo fungua poti utakavyo, mtu wa nje hafiki.

Kuna njia mbili: kuomba anwani ya umma isiyobadilika, au kukodi seva ndogo ya mtandaoni yenye Linux. RAM ya GB 1 inatosha kabisa. Kwa laini ya simu tunapendelea hii ya pili, kwa sababu ofisi na mhasibu wote wanaanzisha mawasiliano wenyewe kuelekea kwenye seva.

Tumieni WireGuard, programu ya VPN. Kabla ya yote, badilini anwani za mtandao wa ndani wa duka kutoka 192.168.1.0/24 kwenda, tuseme, 192.168.73.0/24, kwa sababu ruta ya nyumbani kwa mhasibu ikitumia namba zilezile za duka, laptopu itaitafuta kompyuta ya duka humo humo nyumbani. VPN yenyewe ipeni 10.44.0.0/24: seva .1, ruta ya duka .2 (ruta ya MikroTik yenye mfumo wa RouterOS 7 inafaa), mhasibu .3. Kwenye seva fungueni poti 51820 ya UDP na muwashe net.ipv4.ip_forward=1, ili seva ipitishe mawasiliano kati ya vifaa. AllowedIPs (orodha ya anwani zinazopitia VPN) ya ruta ya duka, upande wa seva, iwe 10.44.0.2/32, 192.168.73.0/24. Upande wa mhasibu iwe 10.44.0.0/24, 192.168.73.0/24. Akiweka 0.0.0.0/0, hata video zake zitapitia seva yenu na kumaliza bando la seva. Kwenye ruta ya duka ongezeni PersistentKeepalive = 25, la sivyo njia inasinzia na mhasibu hawezi kuiamsha.

Ikigoma, andika amri ya wg show kwenye seva. Kama hakuna «latest handshake» (mara ya mwisho vifaa kutambuana), kosa liko kwenye ufunguo (msimbo unaotambulisha kila kifaa), poti au anwani. Ikiwepo lakini kompyuta haifikiki, kagua AllowedIPs na fayawoli ya Windows. Remote Desktop ikifunguka kisha ikaganda, shusha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data) hadi 1280. Umeme ukikatika na ruta ikawaka na saa ya nyuma, seva huikataa, kwa hiyo washa NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao). Na kumbuka Windows Home haipokei Remote Desktop, lazima iwe angalau Pro.

SWALI: Wauzaji wetu wawili wanatumia faili moja la VPN. Kila mmoja akiingia, mwenzake anatoka. Kwa nini?

JIBU: Seva inatambua ufunguo, haimtambui mtu. Pakiti za majibu zinamfuata aliyetuma mwisho, basi wananyang'anyana. Kila kifaa kiwe na ufunguo na anwani yake. Muuzaji akiacha kazi au simu ikiibwa, unafuta ufunguo huo mmoja tu.

SWALI: Je, Tanzania inaruhusu VPN ya ofisi?

JIBU: Oktoba 2023 TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ilitangaza kwamba watu na kampuni wanaohitaji VPN katika shughuli zao watoe taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP. Seva yenye anwani isiyobadilika hurahisisha hilo. Ulizeni TCRA utaratibu wa sasa kabla hamjawasha.