Nilimwandikia barua ya onyo, kumbe hapati usingizi

Kwa miaka tisa nimesimamia ofisi ndogo ya uwakala wa forodha pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Uganda. Watu saba, chumba kimoja, feni inayolia, na mpaka usiofungwa usiku wala mchana. Saikolojia sijaisomea. Ninachokijua nilikipata kwa kukosea.

Tulikuwa na kijana wa kuingiza entri, yaani maelezo ya mizigo kwa ajili ya forodha, kwenye kompyuta. Kazi yake haikuhitaji kurudiwa. Kisha akaanza kuharibu. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Yeye akapindua tarakimu mbili, lori likalala yadi siku mbili, mwenye mzigo akanitukana kwa simu hadi salio likamwishia. Wiki iliyofuata akakosea tena. Nikamfokea mbele ya wenzake: "Wewe siku hizi akili umeiacha wapi?" Mmoja akadakia, "Apelekwe Butabika!" Tukacheka. Naye akacheka.

Jioni nikamwandikia barua ya onyo, lakini kile kicheko ndicho ninachokijutia zaidi. Butabika ni hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, ipo tangu 1955, ila mitaani jina lake tumeligeuza tusi. Bosi akilichekea, wafanyakazi wote wameshajua kwamba hapa mtu akiugua akili, anyamaze.

Akanyamaza kweli. Aliyenifungua macho ni mama anayetuuzia chai na rolex, mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, mlangoni. "Mzee, huyu mtoto chai anaiacha inapoa, chapati hagusi. Na alfajiri namkuta keshafika, sijawasha hata jiko." Mimi nilidhani anawahi kazini kwa kuogopa ile barua. Kumbe kitanda kilikuwa kinamshinda, anakuja kukaa ofisini gizani.

Nikamwita nje, tukatembea kando ya foleni ya malori. Nilimwambia mambo matatu: nilikukosea mbele ya watu, naona huli, na sikufukuzi. Hadi nilipofika kwenye hilo la tatu ndipo alipoongea. "Mzee, wakijua naumwa akili, nani ataniajiri tena hapa mpakani?"

Kwa hiyo wewe unayesimamia watu, anzia hapo, kwenye mkate wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema aliyemaliza angalau mwezi mmoja kazini, akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza, mradi atoe taarifa na cheti cha daktari. Imesema ugonjwa, basi, haikuchagua malaria. Nikampa ruhusa akaenda hospitali ya rufaa ya Mbale, kwenye kitengo cha afya ya akili. Ofisini nilisema yuko likizo ya ugonjwa, na aliyeuliza ugonjwa gani nilimwambia amuulize mwenyewe akirudi.

Huko wakamshauri ajiunge na kikundi cha mazungumzo. Akaniambia hayo ni mambo ya Wazungu. Nikamjibu kwamba tiba ya namna hiyo ilijaribiwa vijijini Masaka na Rakai, hapahapa Uganda, matokeo yakachapishwa 2003, ikawasaidia watu wa kawaida kabisa. Tena Waganda walikuwa na jina lao tayari kwa hali kama yake: okwekyawa, kujichukia. Hapo alitulia kidogo.

Lakini kumsikiliza mtu halafu kumrudishia mzigo uleule ni kumdanganya. Nilipokagua daftari la zamu nikaona aibu: alikesha usiku kumi na mmoja mfululizo, na sheria yenyewe inataka kazi isizidi saa 48 kwa wiki. Asiye zamu naye alikuwa akiamshwa na kikundi cha WhatsApp saa tisa usiku. Sasa hakuna anayekesha zaidi ya siku tatu mfululizo. Dharura ikitokea, anapigiwa kiongozi wa zamu peke yake. Kila entri inapitiwa na mtu wa pili kabla ya kutumwa, na kosa likipita ni letu sote. Ilibidi tuajiri mtu mmoja zaidi. Mwenye kampuni akaniuliza kama tumefungua zahanati. Nikamwekea mezani bili za yadi za miezi mitatu. Akazisoma, akaguna, akasaini. Fulana za kuvaa tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, sikumwomba. Fulana haimlazi mtu.

Na mtu akikutamkia kwamba anataka kujiua, usimpe nasaha wala usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama lori linasubiri.

Kijana alirudi baada ya wiki tatu, nikampa zamu za mchana. Bado ana siku mbaya. Siku hizo hupanga mafaili na kompyuta haigusi, nasi hatuulizi.

Mwezi uliopita, tukifunga ofisi, yule aliyedakia siku ile akabaki nyuma akijifanya anatafuta funguo. Wenzake walipotoka akaja karibu na meza yangu, sauti ya chini. "Mzee, kule Mbale wanapokea watu siku gani?"