Maswali ya Wasomaji: Ukishuka kwenye treni, unaelekea wapi?

Treni ya SGR (reli ya kisasa) ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, safari ya reli ilifupika sana. Kinachowachosha abiria sasa ni kile kipande cha kutoka getini hadi kwenye daladala, bajaji au mwendokasi. Barua nne za mwezi huu zinakigusa.

Wahariri, habari za kazi. Mtaa wetu uko jirani na stesheni. Kila mradi ukija tunaitwa kwenye kikao cha wadau, tunaonyeshwa picha nzuri ukutani, tunasaini mahudhurio, tunaondoka. Safari hii nataka mtaa uwe na la kusema. Tujiandae vipi?
*Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Pugu*

Ndugu mwenyekiti, ingieni kikaoni na hesabu yenu wenyewe. Malalamiko huandikwa kwenye muhtasari yakaishia humo, lakini namba humlazimu mchoraji kujibu.

Tafuteni vijana wawili kwa kila mlango wa stesheni, mmoja ahesabu na mwingine aandike, wabadilishane kila saa. Macho yakichoka, namba zinaanza kubuniwa. Fomu igawanywe kwa robo saa, na safu za waendao kwa miguu, bodaboda, bajaji, daladala na magari madogo, pamoja na safu ya wenye mizigo mikubwa. Hesabuni Ijumaa jioni, siku moja ya katikati ya wiki, na siku moja ya mvua. Ya mvua msiiache kabisa: ndiyo inayoonyesha abiria wanajibanza wapi na maji yanasimama wapi. Kisha kila abiria wa kumi aulizwe anakwenda wapi, kwa usafiri gani, na ameambiwa nauli kiasi gani. Mkuu wa stesheni na polisi wapewe taarifa mapema, vijana wasije wakasumbuliwa.

Baada ya hapo ombeni ramani ya eneo la mbele ya stesheni kwa skeli ya 1:200, yaani sentimita 1 ya karatasi ni mita 2 za eneo. Karatasi moja ya A1 itaonyesha eneo la mita 168 kwa 119 hivi. Kateni vikaratasi vya magari kwa skeli hiyohiyo: Coaster yenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 2 inakuwa milimita 35 kwa 10, na bajaji milimita 13 kwa 7 hivi. Wapeni madereva wenyewe wavipange juu ya meza. Coaster ikitaka kugeuka bila kurudi nyuma inahitaji karibu mita 15 za upana, kwa hiyo mchoro uliotenga mita 10 utaumbuka palepale, na hakuna atakayehitaji kupandisha sauti.

Jambo la tatu ndilo gumu, nalo ni kumjua mwenye eneo. Ndani ya uzio ni Shirika la Reli (TRC). Ukitoka nje, barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA, taka na maeneo ya wafanyabiashara ni ya halmashauri, njia za daladala ni za LATRA, na mwendokasi ni wa DART. Chukua mtaro mmoja unaoanzia ndani ya uzio, ukapita chini ya barabara ya mtaa na kutokea kwenye eneo la wazi la halmashauri. Mtaro huo una wenyewe watatu. Ukiziba katikati kila ofisi ina sababu halali ya kusema si wangu, na abiria wanaruka maji wakiwa na mabegi kichwani. Dawa yake ni jedwali la ukurasa mmoja: kitu, ofisi inayohusika, kinafanywa mara ngapi, na fedha zinatoka kifungu gani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla, hivyo makubaliano ya mwezi Mei huwa yamechelewa.

Msikubali kikao kimoja. Ombeni vitatu: cha kwanza kutembea eneo zima kwa miguu, cha pili kuchora pamoja, cha tatu wataalamu warudi kuonyesha walichokubali na walichokataa, na kwa nini. Hili si geni mjini kwetu. Mpango wa bonde la Msimbazi uliandaliwa mwaka 2018 kwa vikao vya pamoja vya ofisi za serikali, wataalamu na wakazi. Na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji na kutaka wananchi wasikilizwe, kwa hiyo barua ya maombi ipitishieni huko.

Wakubwa zangu, kuna mahali tulijengewa stendi nzuri, ina vibanda na taa. Lakini abiria hawaji, tunapakia barabarani na tunapigwa faini. Kosa ni letu?
*Dereva wa daladala, Gongo la Mboto*

Kupakia barabarani ni kosa, kaka, na ni hatari. Ila stendi ikikaa tupu, kwa kawaida mchoro ndio ulioanza kukosea. Sababu tunazoziona mara nyingi ni mbili.

Moja ni umbali. Abiria mwenye begi na mtoto hatembei mita 400 juani wakati bodaboda iko mita 10 kutoka getini. Tungependa daladala ziwe ndani ya mita 100, njia iwe na kivuli mwanzo hadi mwisho, na stendi ionekane mtu akiwa bado mlangoni. Asipoiona, atamfuata mpiga debe.

Ya pili ni leseni. Stendi hujengwa, lakini leseni za njia zinaendelea kuonyesha kwamba gari linaishia kwingine. Dereva akiingia humo anatoka nje ya njia yake, asipoingia anaonekana mkaidi. LATRA ikae mezani siku mchoro unapoanza, na mabadiliko ya njia yatangazwe kabla ya stendi kufunguliwa. Ninyi madereva andikeni kupitia chama chenu: njia zipi zifike hapo, gari ngapi kwa saa, na gari la mwisho usiku liondoke dakika ngapi baada ya treni ya mwisho. Hilo la mwisho husahaulika, na anayeumia ni abiria anayebaki na bodaboda peke yake saa tano usiku.

Mnasemaje kuhusu wamachinga? Darasani tunafundishwa kwamba stesheni ni fundo la usafiri, yaani njia zinapokutana, na pia ni mahali, yaani watu wanapokaa na kufanya biashara. Kwenye mchoro wangu vyote viwili vinagombania nafasi ileile.
*Mwanafunzi wa mipango miji, Makongo*

Wazo hilo lilienezwa na Luca Bertolini, mtaalamu wa mipango miji wa Amsterdam, mwaka 1999, nalo linafaa Kariakoo na Gerezani kama linavyofaa Uholanzi. Anza na upana wa watu. Kwenye njia tambarare tumia watu 50 kwa dakika kwa kila mita ya upana; wenye mizigo wakiwa wengi, shuka hadi 35. Treni ikishusha watu 600 na njia ina mita 3 zilizo wazi, kwa 35 wanapita 105 kwa dakika, karibu dakika 6. Meza za biashara zikila mita moja, inakuwa dakika 8 na nusu, na msongamano unarudi hadi kwenye ngazi.

Kwa hiyo linda mita hizo kwanza, kisha wape wafanyabiashara nafasi kando ya njia hiyohiyo. Ukiwapeleka nyuma ya jengo watarudi, maana wateja wako mbele. Kibanda cha mita 1.5 kwa 2 kinatosha, lakini mbele yake acha mita moja ya mteja kusimama, nje ya ile njia. Mama lishe anahitaji bomba la maji, sehemu ya kumwaga maji machafu na pipa. Ukivikosa hivyo, mtaro wa mvua ndio utakaotumika.

Maegesho yana hesabu rahisi: magari yanayoingia kwa dakika, zidisha kwa dakika ambazo kila moja linakaa. Magari 40 ndani ya dakika 20, kila moja likikaa dakika 5, yanahitaji nafasi 10. Wakikaa dakika 15 unahitaji 30. Ndiyo maana mahali pa kushushia panapaswa kutenganishwa na mahali pa kusubiria.

Natumia kiti cha magurudumu. Mteremko wa kupandia uwe na urefu gani?
*Msomaji, Temeke*

Kila sentimita 1 ya kimo ipate sentimita 12 za urefu. Kimo cha sentimita 60 kinataka mita 7.2, upana usiopungua mita 1.2, vishikio pande zote mbili, na sehemu tambarare ya mita 1.5 juu na chini. Kikaoni omba pia wakaguliwe mifuniko ya mitaro: matundu yake yasizidi milimita 13, na nondo zilale kukatisha njia. Zikifuata uelekeo wa mwendo, gurudumu la mbele linazama.