Wewe wa uvimbe wa sentimita 7, mwisho wa mwezi ni mbali sana

Wee dada wa Nakuru, wacha hiyo stori ya kungoja mwisho wa mwezi ndio uende hospitali. Umesema skani imeonyesha uvimbe kwa ovari ya kulia, juzi usiku uchungu ukakuamsha ukatapika mara mbili, na saa hii "umetulia" unauliza kama kuna miti shamba ya kuuyeyusha. Hapo kwa kutulia ndipo mimi niliachia ovari yangu.

2021, nikiishi Kondele, Kisumu. Ilinishika saa nane usiku, upande mmoja tu, chini, kama mtu anakamua blanketi ndani ya tumbo, nikaegemea mabati ya bafu nikitapika mpaka nyongo. Asubuhi nikaenda kemisti ya mtaa, yule jamaa mandazi mkono huu, na ule mwingine ananitoa damu, dakika kumi akasema taifodi. Taifodi! Huku kwetu hata ukivunjika mguu ni taifodi. Hakuuliza hedhi, hakugusa tumbo, kipimo cha mimba hakufanya, na mimba ikitunga nje ya mfuko huuma hivyo hivyo na inaua. Akanidunga ya maumivu, akaniuzia antibayotiki za siku tano, na mimi nikamwambia asante daktari. Daktari!

Siku ya tatu uchungu ukakata kabisa. Nikaenda harusi Bondo, nikacheza, nikala samaki. Kumbe uvimbe ukiwa mzito ovari inajisokota na mishipa yake, damu haifiki, saa zingine inajisokotoa yenyewe unaona umepona halafu inarudia, ama inakufa polepole huku sindano inakudanganya. Siku ya sita homa, tumbo gumu kama ubao, shemeji akanipakia kwa tuktuk mpaka hospitali kubwa na jioni hiyo hiyo nikawa thieta. Daktari wa ukweli alinionyesha picha kwa simu, nyeusi kama zambarau. Ndani nywele na jino, kuna aina ya uvimbe wa ovari huota hivyo hata bila mimba. Shemeji mpaka leo huniuliza yule mtoto alisukwa na nani, nacheka tu, nifanyeje. Ila daktari alisema ningekuja ule usiku wa kwanza pengine wangeisokotoa na kuiacha.

Kwa hivyo: una uvimbe, uchungu wa ghafla upande mmoja, unatapika, nenda penye daktari wa kupasua usiku huo huo, HATA UKIKATA. Beba karatasi ya skani. Pale kwa dirisha usianze na "tumbo inauma" utakalishwa benchi na wenye kukohoa, sema "nina uvimbe kwa ovari, naogopa imejisokota". Usikule kitu njiani, wakiamua kupasua watakungojesha juu ya chapati. Na skani ya kuangalia damu ikisema damu bado inapita na wewe bado unajikunja, usikubali kurudi nyumbani, hiyo hukosea.

Miti shamba nayo, niambie ni majani gani yatayeyusha jino. Ndio, kuna uvimbe wa maji huisha wenyewe baada ya hedhi mbili tatu, lakini hata huo ukijisokota haukungojei.

Uliuliza pia SHA, ile bima ya afya ya serikali, na bei ya operesheni na nini sijui, wengine watakujibu. Ya watoto, ninaye mmoja, ametoka kwa hii iliyobaki, ako hapa ananivuta simu.

Nani ako na gari hapo kwa ploti yenu?