Maore, Majunga na Unguja: mmeuliza kuhusu Wangazija

Makala yetu kuhusu Komoro, yaani visiwa vya Ngazija, Anzuani, Mwali na cha nne kinachogombewa, Maore (Mayotte), imeleta maswali mengi. Pwani hii Wakomoro kwa jumla huitwa Wangazija. Haya ndiyo yaliyojirudia.

Maore si Komoro? Kwa nini mtu wa Anzuani aombe viza? (Msomaji, Tanga)

Moroni, mji mkuu wa Komoro, watakwambia ni Komoro, Paris watakwambia ni Ufaransa. Kwenye kura ya maoni ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilitaka uhuru, Maore ikakataa. Komoro ilijitangazia uhuru Julai 1975, na mpaka leo inadai Maore ni yake. Watu hawakujali: walivuka kuoa, kuzika na kuuza ndizi. Januari 1995 Ufaransa ikaweka viza.

Tangu hapo usafiri wa wasio na karatasi ni kwasa-kwasa, boti ya faiba yenye mashine nyuma. Inaondoka Anzuani usiku, abiria wamebanana, maji yanachungulia ukingoni. Ni kilomita 70 hivi, lakini mashine ikizima katikati, basi tena. Humo utamkuta mjamzito anayefuata hospitali, na mama aliyefukuzwa juzi anarudi kwa wanawe waliobaki Mamoudzou, mji mkuu wa Maore. Huyo wa pili sioni doria itakayomchosha.

Wamaore kweli hawawataki ndugu zao? (Msomaji, Mombasa)

Wengi hawawataki, na tusiwaonee: mwaka 2017 karibu nusu ya wakazi wa Maore walikuwa raia wa kigeni, wengi wao Wakomoro, na shule na hospitali zimeelemewa. Ila anayeandamana leo kutaka wafukuzwe, kesho shamba lake linalimwa na Mnzuani asiye na kibali. Hilo halisemwi kwenye maandamano.

Bibi alikuwa akisema Wangazija walichinjwa Majunga. Ni kweli? (Msomaji, Unguja)

Kweli tupu. Desemba 1976, Majunga (Mahajanga), Madagaska, ugomvi wa majirani uligeuka mauaji ya siku chache. Manusura zaidi ya 15,000 walipelekwa Komoro, wengi kwa ndege za Sabena, shirika la Ubelgiji, na jina la Sabena likawaganda. Ilisemwa wamerudishwa kwao, ingawa wengi walizaliwa Madagaska na Ngazija hawakuwa wameiona.

Na wewe wa Unguja, ya nyumbani usiyasahau. Sheikh Ahmed bin Sumeit, kadhi wenu mashuhuri, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Pamoja na heshima yote hiyo, mwaka 1968 Wangazija wa Zanzibar walivuliwa uraia, wakatakiwa kuuomba upya.

Siku hizi Wangazija wanafuata nini Dar? (Msomaji, Temeke)

Kariakoo kwa mzigo, Muhimbili kwa matibabu.

Nimealikwa harusi ya ada (ile ndoa kubwa ya kimila ya Wangazija) Moroni mwezi wa nane. Nijiandae vipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kata tiketi sasa hivi. Julai na Agosti ndiyo msimu wa “je-viens” (Kifaransa, “ninakuja”), Wangazija wa Ufaransa, hasa Marseille, wanaorudi kuozesha na kuoa, na ndege hujaa. Pesa zao ndizo zinazojenga hizo nyumba utakazoziona zimefungwa mwaka mzima. Ukifika, usishangae noti zikihesabiwa hadharani. Ada haifanywi kwa siri.